Nia, Siku na Malisho Yaliyotengwa: Falsafa ya Wakati na Malengo ya Mwaka Mpya kwa Mtazamo wa Noonkopir

Malengo ya mwaka mpya ni ahadi ambayo mtu huiweka juu ya kitu asichokimiliki, yaani wakati ambao haujafika, na kwa sababu hiyo namna ya kutumia muda ili kuyafikia ni suala la kifalsafa na la kidini kabla halijawa suala la ratiba. Mtu anayeazimia katika kesha la tarehe 31 Desemba kwamba ndani ya mwaka unaoingia atalipa deni, atamaliza masomo au atainua nyumba yake kutoka kwenye msingi huwa amekwisha kudhani mambo matatu bila kuyatamka: kwamba siku zenyewe zitakuja, kwamba yeye ataendelea kuwa yuleyule aliyeazimia, na kwamba saa za siku hizo zitakuwa mikononi mwake. Kila moja ya dhana hizo inaweza kuhojiwa, na maazimio mengi hufa kwa sababu hayakuhojiwa mapema. Insha hii inatetea hoja kwamba wakati hausimamiwi kwa kumilikiwa. Husimamiwa kwa kutengwa, maana yake ni kwamba lengo hutimia pale linapopewa tukio mahususi ndani ya siku, tukio hilo likalindwa, na ulinzi huo ukapatana na haki ambayo watu wengine wanayo juu ya saa hizo hizo.

Mahali panapofaa kuipimia hoja hiyo ni Noonkopir, kituo cha biashara ambacho ndicho kiini cha mji unaojulikana leo zaidi kwa jina la Kitengela, kwenye barabara ya Namanga katika Kaunti ya Kajiado, takriban kilomita 30 kusini mwa katikati ya jiji la Nairobi. Mbuga zinazouzunguka mji huo zilikuwa malisho ya Wamaasai na njia ya wanyamapori wanaotoka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, na ranchi ya pamoja ya wafugaji wa Kitengela iligawanywa kwa wenye mashamba binafsi mwishoni mwa miaka ya 1980. Baada ya sheria ya mwaka 1990 kuruhusu maeneo maalumu ya viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuzwa nje, yaani EPZ, viwanda vya nguo vilikua katika mji jirani wa Athi River, na wafanyakazi wengi wakapanga vyumba Noonkopir. Idadi ya watu katika Kajiado yote iliongezeka kutoka 406,054 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1999 hadi 1,117,840 katika sensa ya mwaka 2019. Kwa hiyo katika mji mmoja zimekutana taratibu tatu za wakati: ya mfugaji, ambayo hufuata mvua, nyasi na rika, ya mwajiriwa, ambayo hufuata zamu, mwisho wa mwezi na foleni ya barabarani, na ya mwabudu, ambayo hufuata swala, Sabato, Jumapili na mikesha. Mkazi wa kawaida huishi ndani ya mbili au tatu kwa pamoja, na hali hiyo humlazimisha aulize ni ipi kati ya hizo inayostahili kubeba malengo yake.

Jambo la kwanza linaloonekana kutoka hapo ni kwamba tarehe 1 Januari yenyewe haina uhusiano wa lazima na uwezo wa mtu kuanza upya. Katika Kajiado mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba na mvua za masika kati ya Machi na Mei, hivyo Januari huangukia kipindi cha ukavu kati ya misimu miwili, na katika kalenda ya shule ndipo karo ya muhula wa kwanza inapodaiwa, baada ya matumizi ya sikukuu. Watu wa pwani walikuwa na desturi tofauti. Mwaka wa jua wa Waswahili, unaofunguliwa kwa sherehe ya Nairuzi, na ambao huko Makunduchi, Unguja, bado huadhimishwa kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa, ulihesabiwa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumikumi, na hesabu hiyo ilimwongoza mkulima wakati wa kupanda na nahodha wakati wa kusafiri na pepo. Katika sherehe ya Makunduchi watu hupigana kwa mabua ya mgomba ili chuki za mwaka uliopita zimalizike hadharani. Zipo hekima mbili katika desturi hiyo: kwamba mwaka huanza kwa kusawazisha mahusiano kabla ya kuorodhesha matarajio, na kwamba lengo la mwaka hupimwa kwa kipimo kidogo kinachoshikika, ambacho ni siku kumi, badala ya kuachwa lielee juu ya miezi kumi na miwili.

Hapa ndipo mjadala mashuhuri zaidi wa falsafa ya wakati katika Afrika Mashariki unapoingia. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza nadharia yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Kwa Mbiti, Sasa ni eneo la wakati ambalo mtu analiishi na kulihisi, likiwa na jana ya karibu, leo na kesho ya karibu, na Zamani ni bahari ya matukio yaliyokwisha kutukia, ambamo kila kitu hatimaye huzama na kuhifadhiwa. Akitegemea hasa njeo za vitenzi katika Kikamba na Kikikuyu, alidai kwamba wakati ujao wa mbali haupo katika fikra za jadi, kwa kuwa jambo ambalo halijatukia haliwezi kuwa sehemu ya wakati, na kwamba upeo wa kesho inayofikirika ni miezi michache au, kwa kiwango cha juu kabisa, karibu miaka miwili. Alitoa mfano wa Waankole wa Uganda, ambao huigawa siku kwa shughuli za ng'ombe, kama vile kukamua, kupumzika, kunywesha na kurudisha zizini, kwa hiyo saa yao ni tukio na haihesabiwi kama nafasi tupu inayosubiri kujazwa.

Nadharia hiyo ilipingwa, na ilistahili kupingwa. Mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye, katika kazi yake ya mwaka 1987 kuhusu fikra za Waakan, alionyesha kwamba lugha na desturi za jamii hiyo zina dhana kamili ya wakati ujao. Ushahidi ulio karibu zaidi, hata hivyo, upo kwenye mbuga za Kajiado zenyewe. Wafugaji wa Kimaasai wana utaratibu wa kuyatenga malisho yaliyo karibu na boma, ambayo huitwa olopololi, ili ndama, wanyama wagonjwa na ng'ombe waliodhoofika wapate majani wakati wa kiangazi, huku makundi yenye nguvu yakipelekwa mbali. Malisho hayo hulindwa wakati majani yakiwa tele, wakati hakuna anayeyahitaji kwa haraka na kishawishi cha kuyaingiza makundi yote ni kikubwa. Jamii isiyofikiri wakati ujao isingeweza kuwa na desturi hiyo. Hata mfumo wa marika, ambao sherehe zake tatu za Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr ziliingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, humweka kijana ndani ya safari ya miaka mingi ambayo hatua zake anazijua kabla hajazifikia.

Hata hivyo, kukosea kwa Mbiti kuhusu wakati ujao hakufuti jambo alilolisema kwa usahihi, nalo ni kwamba wakati usiokuwa na tukio hauna uzito katika maisha ya mtu. Mwaka unaoahidiwa Januari ni wakati wa namna hiyo: una tarehe 365, lakini hakuna hata moja iliyopewa kazi. Anayesema kwamba mwaka huu atasoma Biblia yote, au atahifadhi sura kadhaa za Kurani, au ataweka akiba ya kununua ploti, huwa ametaja jambo lililo nje ya Sasa yake, na jambo lililo nje ya Sasa halina nguvu ya kumwamsha mtu asubuhi. Olopololi inaonyesha njia ya kuunganisha pande mbili za mjadala: mfugaji huutazama wakati ujao wa mbali, ila huushughulikia kwa kitendo cha leo, yaani kuzuia mifugo isiingie mahali fulani panapojulikana mipaka yake. Wakati ujao humfikia kwa umbo la uzio wa leo. Mtu anayetaka kufikia lengo la mwaka anahitaji jambo hilo hilo katika siku zake: sehemu ya muda yenye mipaka inayojulikana, iliyotengwa wakati muda ungali unaonekana kuwa tele, na iliyokusudiwa kwa lile lililo dhaifu, kwa sababu kazi iliyo muhimu bila kuwa ya haraka ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo ya kwanza kufa pale makundi ya kazi za haraka yanapoachiwa kila mahali.

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyeishi kati ya mwaka 354 na 430, husaidia kueleza kwa nini uzio huo lazima uwe wa leo. Katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake alifikia hitimisho kwamba yaliyopita hayapo tena na yajayo hayajakuwepo, hivyo kinachoitwa nyakati tatu ni hali tatu za nafsi iliyo katika sasa: kumbukumbu ya yaliyopita, uangalifu juu ya yaliyopo na tarajio la yajayo. Iwapo hivyo ndivyo, basi mtu hana chombo chochote cha kuugusia mwaka mzima isipokuwa uangalifu wake wa siku iliyopo, na kutawala muda ni kuutawala uangalifu huo. Simu inayolia, habari zinazopita kwenye kioo chake na mazungumzo yasiyokwisha havimwibii mtu dakika peke yake; vinagawanya uangalifu ambao ndio mahali pekee ambapo lengo lake linaweza kuishi.

Mapokeo ya Kiislamu yanaliita jambo hili nia, yaani kusudio la moyo linalotangulia tendo na kulipa maana. Hadithi mashuhuri iliyosimuliwa na Umar bin al-Khattab hufundisha kwamba matendo huhesabiwa kulingana na nia zake, na wanazuoni wa sheria wameitafsiri nia kuwa kitu kilichofungamana na tendo maalumu kwa wakati maalumu: anayeswali hunuia swala ya adhuhuri ya siku hiyo, si swala kwa ujumla. Falsafa ya kisasa imefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Michael Bratman, mwanafalsafa wa Marekani, alieleza mwaka 1987 kwamba kunuia ni tofauti na kutamani, kwa kuwa mtu anaweza kutamani mambo mengi yanayopingana, lakini anapokusudia jambo hujifunga kulipangia njia na kukataa mambo yasiyopatana nalo. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer naye alionyesha katika makala ya mwaka 1999 kwamba watu hutekeleza makusudio yao kwa wingi zaidi pale wanapoyaunganisha mapema na hali mahususi, wakiamua kwamba mahali fulani au wakati fulani ukifika, watafanya jambo fulani. Swala tano za siku zina muundo huo tangu awali: kuzama kwa jua ndiko kunakoita magharibi, na mwabudu hahitaji kujadiliana upya na nafsi yake kila jioni.

Ikiwa wakati unaweza kutengwa, je, mtu hawi katika hatari ya kujiona mmiliki wake? Maandiko ya dini mbili zenye wafuasi wengi Kenya yanakutana katika onyo moja. Sura ya Al-Kahf, katika aya ya 23 na ya 24, inamkataza mtu kutamka kwamba atafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na mapenzi ya Mungu, na Waraka wa Yakobo, katika sura ya nne, unawakemea wafanyabiashara wanaopanga kwenda mji fulani, kukaa mwaka na kupata faida, ilhali hawajui yatakayotukia kesho. Onyo hilo halikatazi kupanga. Linakataza kupanga kwa kiburi, na kwa nguvu hiyo hiyo linamnyima mzembe kisingizio, maana anayesema inshallah kwa haki huwa ameweka kazi yake mikononi mwa Mungu baada ya kuishika kwanza kwa mikono yake mwenyewe. Wafugaji wa Kajiado walijifunza ukweli huo kwa uchungu katika ukame wa kati ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo na ng'ombe wengi wakafa, wakiwemo wa watu waliokuwa wametenga malisho kwa uangalifu. Kutenga hakukuwahakikishia matokeo. Kuliwapa wajibu uliotimizwa, na mwanadamu hawezi kudai zaidi ya hapo. Anayelielewa hili hatajichukia Desemba kwa lengo lililozuiwa na ugonjwa au kufutwa kazi, wala hataliita bahati mbaya lile ambalo hakulitengea hata saa moja.

Dini pia zimetangulia kuonyesha kwamba muda uliotengwa unahitaji ulinzi wa jamii, kwa kuwa dhamiri ya mtu mmoja huchoka. Amri ya Sabato katika kitabu cha Kutoka haimpi pumziko mwenye nyumba peke yake. Inamtaja pia mtumwa, mgeni na mnyama wa kazi. Abraham Joshua Heschel, mwanateolojia wa Kiyahudi, aliieleza siku hiyo mwaka 1951 kuwa utakatifu uliojengwa ndani ya wakati badala ya ndani ya mahali. Katika mji kama Noonkopir, ambapo Waadventista hufunga kazi Ijumaa jua likizama, Waislamu husimamisha biashara kwa swala ya Ijumaa na makanisa hujaa Jumapili, kila kundi lina uzio ambao hata asiye mwumini huuheshimu. Lengo la mwaka linaweza kuazima nguvu hiyo. Saa ya kusoma inayojulikana na watu wote wa nyumbani ina nafasi kubwa zaidi ya kudumu kuliko ile iliyofichwa moyoni, na akiba inayotolewa katika chama kila mwezi mbele ya wanachama wenzake mtu hudumu nayo zaidi kuliko ile anayojiahidi akiwa peke yake.

Mpango wa kukodisha ardhi kwa ajili ya wanyamapori, ulioanza katika mbuga za Kitengela mwaka 2000, unatoa mfano wa namna kusudio la mbali linavyoweza kufungwa kwenye kalenda halisi ya watu. Familia zilizokubali kutozungushia ardhi yao uzio na kutoiuza zililipwa takriban shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, na malipo hayo yaligawanywa mara tatu ili yafike wakati wa kufunguliwa kwa mihula ya shule. Waliobuni mpango huo walitambua kwamba kuhifadhi njia ya nyumbu ni lengo la vizazi, na kwamba lengo la vizazi halishindi hitaji la karo ya Januari mpaka mawili hayo yakutanishwe katika tarehe moja. Kwa mtu binafsi funzo ni hilo hilo: lengo liwekwe juu ya tukio ambalo tayari lipo na haliepukiki, kama siku ya mshahara, safari ya matatu ya alfajiri, mwisho wa ibada au kufunguliwa kwa shule, na kila baada ya mwongo mmoja wa siku kumi lipimwe kama uzio wake umesimama au umevunjwa.

Linabaki swali la haki, ambalo vitabu vingi vya nidhamu ya muda hulipita haraka. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, alifundisha kwamba maisha si mafupi ila watu huyapoteza, na mafundisho hayo yanamfaa tajiri mwenye uhuru wa siku yake. Kibarua anayesimama mlangoni mwa kiwanda alfajiri akisubiri kujua kama ana kazi siku hiyo hapotezi muda, ananyimwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamhakikishia mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kifungu hicho kina uzito wa kidini hata kama hakikuandikwa kwa lugha ya dini, kwa sababu asiye na siku yake mwenyewe hawezi kuwa na lengo la mwaka. Ndani ya nyumba jambo hili huwa dhahiri zaidi. Mara nyingi mwanamume anayeamka kufanya mazoezi, au mwajiriwa anayekaa jioni kusomea shahada, hupata saa hiyo kwa kuwa mke, dada wa kazi au binti mkubwa ameongezewa saa nyingine ya kupika, kufua na kulea. Olopololi isingekuwa desturi ya haki kama ingekuwa ni malisho ya boma la jirani yaliyozungushiwa uzio kimyakimya.

Kutokana na hayo, anayepanga mwaka wake kwa nia njema ana kazi ya kufanya kabla ya kuandika orodha yake. Ajue ni saa zipi zilizo mikononi mwake kweli, achague lengo moja au machache yanayoweza kuishi ndani ya saa hizo, alipe kila lengo tukio lake ndani ya siku, aombe ruhusa kwa wale ambao saa zao zitaguswa na kuwatengea nao sehemu kwa malengo yao, kisha aikabidhi kesho kwa Mwenye kuimiliki. Lengo linalotimizwa kwa kula muda wa mnyonge halijatimizwa kwa maana ambayo dini au falsafa yoyote iliyotajwa hapa ingeikubali, na lengo dogo lililotengewa nusu saa kwa ridhaa ya nyumba nzima tayari limekwisha kuubadilisha mwaka, kwa sababu limewafundisha walioko nyumbani humo kugawana kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anayeweza kukizalisha.